Mtoto Aliyeshika Kalamu: Tawasifu za Michoro na Historia ya Mapinduzi na Vita



Taaluma za Kiswahili zina hazina kubwa ya maandishi ya watu walioishi katika nyakati za misukosuko wakatuachia habari zake. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi katika Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga juu ya Vita vya Maji Maji. Tippu Tip aliandika habari za maisha yake, na Shaaban Robert akatupa Maisha Yangu mwaka 1949. Kazi hizi zinatofautiana kwa mengi, lakini katika zote msemaji ni mtu mzima anayesema na watu wazima wenziwe. Mtoto aliyekuwapo vita vilipopita hana zamu ya kusema.

Mhadhara huu unahusu ushahidi wa mtoto huyo. Unahusu kazi za watu waliokulia katika mapinduzi au vita na ambao, walipokuwa watu wazima, waliyasimulia waliyoyaona kwa michoro iliyopangwa ukurasa baada ya ukurasa. Nitaziita tawasifu za michoro. Nitatetea hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba thamani ya kihistoria ya tawasifu hizi imo katika uwezo wake wa kuweka nyakati mbili juu ya ukurasa mmoja: wakati wa mtoto ambaye hajaelewa, na wakati wa mtu mzima ambaye amekwisha kuelewa. Ya pili, inayotugusa zaidi sisi tulio katika taaluma hii, ni kwamba lugha ambayo mtoto huyo amepewa kusemea ndiyo inayoamua ni nani ataweza kumhoji.

Muundo wa ushahidi

Katika tawasifu ya maandishi matupu neno "mimi" hubeba watu wawili: yule aliyetenda zamani na yule anayeandika leo. Msomaji hawezi kuwatenganisha kwa urahisi, kwa kuwa wote wawili wanatumia sauti ile ile. Katika tawasifu ya michoro watu hawa hutengana mbele ya macho yetu. Maelezo yaliyo juu ya kisanduku husemwa na mtu mzima, mchoro ulio chini yake humwonyesha mtoto, na maneno yaliyomo katika kiputo ni ya mtoto mwenyewe. Mara nyingi watatu hawa hawakubaliani. Mtu mzima ataeleza kwamba mwaka ule serikali ilianguka, ilhali mtoto aliye katika mchoro anagombania baiskeli.

Mpango huu si mgeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Waliomfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo, au Ndumilakuwili na Lodi Lofa katika jarida la Sani, wanajua kusoma picha na maneno kwa pamoja, na wanajua kwamba kichekesho huzaliwa pale ambapo picha inakanusha maneno. Katika tawasifu za vita, mwanya huo huo uliokuwa ukizaa kicheko hubeba mambo mazito zaidi.

Hiroshima: alichokiona mtoto wa miaka 6

Keiji Nakazawa alizaliwa Hiroshima mwaka 1939. Bomu la atomiki lilipoanguka asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa karibu na ukuta wa shule yake, na ukuta huo ndio uliomkinga. Baba yake, dada yake na mdogo wake wa kiume walikufa. Mama yake alijifungua siku hiyo hiyo mtoto wa kike, ambaye naye hakuishi muda mrefu.

Wanahistoria wa siku hiyo wana uhaba wa picha. Mpigapicha Yoshito Matsushige, aliyekuwa mjini akiwa na kamera yake, alipiga picha 5 tu, na hizo ndizo zijulikanazo sana kwa kuonyesha watu wa Hiroshima siku yenyewe. Baadaye, katika miaka ya mwanzo ya utawala wa majeshi yaliyoishinda Japani, udhibiti wa magazeti na vitabu ulizuia mengi yasichapishwe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yaliyoonekana ilibaki katika vichwa vya walioyaona. Shirika la utangazaji la NHK lilipowaomba walionusurika, katikati ya miaka ya 1970, wachore waliyoyakumbuka, lilipokea michoro zaidi ya 2,000, mingi ikiwa ya watu ambao hawakuwa wachoraji.

Nakazawa yeye alikuwa mchoraji kwa kazi yake, lakini kwa miaka mingi hakupenda kuligusa jambo hili. Mama yake alifariki mwaka 1966. Mwili wake ulipochomwa kwa desturi ya Kijapani, mwanawe alitarajia kukusanya mifupa, akakuta majivu tu. Aliamini kwamba mionzi ya bomu ndiyo iliyoila mifupa hiyo, na tangu hapo akaanza kuchora. Mwaka 1972 alichapa simulizi fupi ya maisha yake mwenyewe. Mwaka 1973 akaanza Hadashi no Gen, hadithi ndefu inayofuata njia ya maisha yake kwa jina la mtoto mwingine, katika jarida la kila wiki la wavulana, Shonen Jump.

Mambo mawili yafaa tuyashike hapa. Kwanza, mchoro ulikuja kujaza nafasi ambayo kamera haikufika. Pili, Nakazawa aliandika kwa Kijapani, katika jarida lililosomwa na watoto wa Kijapani, na hakuishia kuonyesha ukatili wa bomu. Alionyesha pia majirani waliomtesa baba wa Gen kwa kuwa alipinga vita, na akalitaja jeshi la nchi yake mwenyewe kwa makosa yake. Ushahidi wake ulitolewa mbele ya watu waliohusika.

Tehran: kitambaa, funguo na barua

Kazi iliyoutangaza utanzu huu duniani ni Persepolis ya Marjane Satrapi, iliyotolewa kwa Kifaransa katika juzuu 4 kati ya mwaka 2000 na 2003 na shirika dogo la uchapaji la Paris, L'Association. Satrapi alizaliwa Iran mwaka 1969 na kukulia Tehran. Alikuwa na miaka 9 Shah alipoondoka nchini tarehe 16 Januari 1979 na Ayatollah Khomeini aliporejea tarehe 1 Februari. Alikuwa na miaka 10 vita na Iraki vilipoanza Septemba 1980; vita hivyo viliendelea hadi Agosti 1988. Mwaka 1984 wazazi wake walimpeleka Vienna, naye akiwa na miaka 14.

Kitabu kinafunguliwa na picha ya wanafunzi wa kike mwaka 1980, wamefunikwa vichwa, wameketi mstari mmoja. Ukurasa huo huo unawaonyesha watoto wale wale uwanjani, wakivitumia vitambaa hivyo kuwa kamba ya kurukia na vifaa vya kuchezea. Mwanahistoria wa sheria atatueleza hatua ambazo vazi hilo lilipitia mpaka likawa amri. Satrapi anatueleza jambo ambalo sheria haina nafasi ya kuliandika: kwamba siku za kwanza watoto hawakuijua maana yake, na kwamba amri ya dola iliingia katika maisha yao kama kitu cha kuchezea kabla ya kuwa mzigo.

Mfano wa pili ni wa funguo. Mwanamke anayefanya kazi nyumbani kwa akina Satrapi anaeleza kwamba mwanawe amepewa shuleni ufunguo wa plastiki uliopakwa rangi ya dhahabu, akaahidiwa kwamba akifa vitani utamfungulia pepo. Mwishoni mwa sura hiyo ukurasa umegawanywa. Juu tunaona vivuli vya wavulana wakirushwa hewani na mabomu ya kutegwa ardhini, funguo zikiwa shingoni. Chini tunamwona Marjane katika sherehe yake ya kwanza, anacheza muziki, amevaa sweta yenye matundu. Hakuna sentensi inayomlaumu mtu. Miili ya juu na ya chini imechorwa ikiwa imerushwa kwa namna moja, na msomaji anaachwa kuona kwamba umri ulikuwa mmoja na tabaka lilikuwa tofauti.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Ukurasa huo hautoshi kumjulisha mwanahistoria idadi ya funguo, wala mpango wa kuzigawa, wala nani aliyeutoa. Kwa hayo atahitaji hati na mashahidi wengine. Anachokipata hapa ni ushahidi wa namna habari ilivyofika katika nyumba ya watu wenye uwezo kaskazini mwa vita: kupitia jikoni, kwa kinywa cha mama wa mtoto maskini.

Satrapi mwenyewe anaitambua mipaka ya nafasi yake. Katika sura nyingine anasimulia juu ya Mehri, msichana wa kazi aliyeletwa nyumbani akiwa mtoto, ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Mehri alipompenda kijana wa jirani, Marjane ndiye aliyemwandikia barua zake. Mapenzi hayo yalikatizwa mara ilipojulikana kwamba mwandikiwaji alikuwa akipelekewa barua na mtumishi. Mtoto wa wazazi wanaopigania usawa anajifunza hivyo kwamba usawa huo haujafika chumba cha pili. Lakini kwetu sisi sura hii inatoa funzo jingine. Mehri ana habari. Kalamu iko mkononi mwa mtu mwingine. Hata leo tunamjua kwa sababu Marjane amemchora.

Beirut: chumba kimoja

Zeina Abirached alizaliwa Beirut mwaka 1981, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu tangu mwaka 1975 hadi 1990. Nyumba yao ilikuwa karibu na mstari ulioigawa Beirut Mashariki na Magharibi. Kitabu chake kilichotoka Paris mwaka 2007, Mourir partir revenir: Le jeu des hirondelles, kinasimulia jioni moja tu ya mwaka 1984. Wazazi wamekwenda kumtazama bibi, umbali wa mitaa michache, mabomu yanaanza, watoto wawili na majirani wanakusanyika katika ukumbi mdogo wa kuingilia, kwa kuwa ndio mahali pa nyumba palipo mbali na madirisha.

Chanzo cha kitabu hicho kinawahusu wanahistoria moja kwa moja. Abirached alikuwa akitazama katika hifadhi ya filamu taarifa ya televisheni ya mwaka 1984 juu ya Beirut, ghafla akamwona bibi yake mwenyewe akizungumza na mwandishi wa habari. Hifadhi ilikuwa na sura ya bibi na sentensi yake chache. Haikuwa na ukumbi, wala jirani aliyeoka keki, wala hesabu ya hatua na kuinama iliyohitajika ili kuvuka barabara inayolengwa na wadunguaji. Abirached alivichora vyote hivyo, pamoja na ramani ya njia yenyewe. Hakuna mpiga picha aliyealikwa katika ukumbi ule, na kama angalikuwapo, watu wasingalikaa kama walivyokaa.

Hata hivyo, katika kitabu chake maadui hawaonekani. Msomaji asiyeijua Lebanon hatajua nani anampiga nani na kwa sababu gani. Wako watakaouita upungufu. Mimi nauona kuwa ukweli wa umri: mtoto wa miaka 3 hajui majina ya vyama, anajua chumba. Kazi ya kutaja vyama ni yetu sisi tunaosoma, na hatuna haki ya kumdai mtoto huyo.

Nani ameshika kalamu

Nakazawa, Satrapi na Abirached walichora wenyewe. Sivyo ilivyokuwa kwa tawasifu zilizotoka karibu na kwetu, na hapa ndipo suala linapoingia katika eneo la Kiswahili.

Mwaka 2015 kilitoka Kanada kitabu cha Kiingereza juu ya Michel Chikwanine, aliyetekwa na waasi mwaka 1993 akiwa na miaka 5, mashariki mwa Kongo, katika eneo la Beni. Kitabu kina majina matatu: Chikwanine mwenye kukumbuka, Jessica Dee Humphreys aliyeandika pamoja naye, na Claudia Dávila aliyechora. Mwaka 2020 kikatoka Marekani When Stars Are Scattered, kisa cha Omar Mohamed, Msomali aliyekulia na nduguye Hassan katika kambi ya Dadaab, Kenya. Omar alisimulia, Victoria Jamieson aliandika naye na kuchora. Mwaka 2024 riwaya ya Gaël Faye, Petit pays, inayotokana na utoto wake wa Bujumbura wakati Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, ilitolewa kwa michoro kwa Kifaransa; Marzena Sowa aliandika na Sylvain Savoia akachora. Hiyo ni riwaya na yatupasa tuisome kama riwaya, ila imejengwa juu ya kumbukumbu.

Beni, Dadaab na Bujumbura ni mahali ambapo Kiswahili kinasikika. Beni ni lugha ya soko na barabara. Bujumbura ina mitaa yake ya Waswahili, Buyenzi ukiwa maarufu. Dadaab kiliingia kwa mlango wa shule, kwa kuwa watoto wa kambi walifuata mtaala wa Kenya na kufanya mtihani wa KCPE, ambao Kiswahili kilikuwa miongoni mwa masomo yake. Hata hivyo vitabu vyote vitatu vilianza safari yao kwa Kiingereza au Kifaransa.

Sisemi kwamba kumchora mtu mwingine ni kosa. Hassan, ndugu wa Omar, hasemi neno ila moja la Kisomali, "hooyo", yaani mama. Mtu kama huyu angebaki nje ya kila tawasifu ya maandishi. Mchoro umempa uso, mwendo na furaha zake, ukurasa baada ya ukurasa, bila kumtia kinywani maneno asiyoyasema. Hii ni heshima kubwa. Lakini mwanafunzi wa historia ya Waswahili amezoea kuuliza maswali fulani kila anaposoma habari zilizokusanywa na Carl Velten, au maisha ya Tippu Tip yaliyoandikwa kwa kuombwa na Heinrich Brode: nani aliomba, nani alichagua, na kitabu kilikusudiwa kusomwa na nani? Maswali hayo hayo tuyapeleke kwenye tawasifu za michoro. Mchoraji ambaye hakuwapo lazima aamue paa lilikuwaje, mama alijifungaje kanga, askari alishikaje bunduki. Kila uamuzi ni dai la kihistoria, ingawa hauna sentensi.

Lugha na haki ya kuhoji

Tawasifu hizi zimekutana na upinzani. Mwishoni mwa mwaka 2012 mamlaka ya elimu ya mji wa Matsue, Japani, iliagiza kitabu cha Nakazawa kisiwekwe wazi katika maktaba za shule. Agizo likaondolewa Agosti 2013 baada ya malalamiko. Mwaka 2023 bodi ya elimu ya Hiroshima yenyewe ilikitoa katika vifaa vyake vya somo la amani. Machi 2013 shule za umma za Chicago ziliondoa Persepolis katika madarasa ya mwaka wa saba. Tunisia, kituo cha televisheni kilipoonyesha filamu ya kitabu hicho Oktoba 2011, kilishambuliwa, na mwenye kituo akatozwa faini na mahakama mwaka 2012.

Matukio haya hayalingani. Chicago ilijadili kama watoto wa Kimarekani waone picha za mateso ya Iran. Japani ilijadili Japani. Wazee waliokuwapo, watoto wa wanajeshi, walimu na walionusurika walikisoma kitabu hicho kwa lugha yao, na wakaweza kusema "ndivyo" au "sivyo". Mabishano yao yalikuwa makali, lakini ndiyo namna jamii inavyopima ushahidi. Shahidi anayesema kwa lugha ya nyumbani hukabiliwa na mashahidi wenzake. Anayesema kwa lugha ya mbali husikilizwa kwa huruma, na huruma haiulizi maswali. Satrapi aliandika kwa Kifaransa yaliyosemwa kwa Kiajemi, na alikuwa na sababu: aliyokuwa akiyasema yasingechapwa Tehran. Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kutoa sababu hiyo kila mara.

Hitimisho

Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Adam Shafi aliyaandikia riwaya, Kasri ya Mwinyi Fuad, mwaka 1978, na fasihi ya Kiswahili imeendelea kuyarudia tangu hapo. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 siku hiyo, umri wa Nakazawa, amekwisha kuvuka miaka 60. Anakumbuka mlango uliofungwa mapema, redio iliyosikilizwa kwa sauti ya chini, jirani ambaye kesho yake hakuwapo. Wengine wanaikumbuka Unguja wakiwa Unguja, wengine wakiwa Muscat, na kumbukumbu zao hazikubaliani. Kutokubaliana huko kungekuwa faida kwa historia, kama kungewekwa katika kurasa ambazo pande zote zinaweza kuzisoma.

Wachoraji wa katuni tunao, na wasomaji wao wamefundishwa na magazeti yetu kwa zaidi ya nusu karne. Mapokeo ya tawasifu tunayo pia. Yaliyobaki ni kuwaketisha pamoja mwenye kukumbuka na mwenye kuchora wakati wote wawili wangali hai, na kuyaandika katika kiputo maneno yale yale ambayo mtoto aliambiwa usiku ule, kwa lugha aliyoambiwa. Wasomi wa Kiswahili wana nafasi yao katika kazi hiyo: kukusanya, kulinganisha, na kuuliza bila kumnyamazisha anayesimulia. Idara zetu zikianza leo, zitawakuta baadhi ya mashahidi. Zikingoja miaka 20, zitakuta michoro ya watu wengine.